Jina Tulilolikataza Nyumbani

Mpendwa mwanangu Hawayu,

Nimechoka kuambiwa nipoe. Kila anayepita hapa kijijini Wema ananikumbusha kwamba kazi ya Mungu haina makosa, kisha anaomba maji ya kunywa na kwenda zake. Sibishani na Mungu. Nabishana na barabara ya Garsen, ambayo mto ukifurika hukatika palepale, na maji yakipungua hujazwa mchanga palepale, tukaambiwa imetengenezwa.

Homa yako ilikuwa imeingia siku ya pili, na maji yalikuwa yamekizunguka kijiji chote. Baba yako akaazima mtumbwi tukupeleke hospitali ya Garsen. Nikakulaza mapajani, nikakufunika kwa leso yangu, lakini miguu yako ilitokeza nje. Miaka tisa, na tayari ulikuwa mrefu hivyo. Ukaniuliza, "Mama, tukifika Garsen utaninunulia mahamri?" Nikakujibu, "Nitakununulia." Hatukufika. Boti ya kugawa blanketi ilikuja juma lililofuata, na waliokuja nayo wakatupiga picha.

Tulipokwisha kukuzika, baba yako akasema, "Tusimtaje. Tukimtaja hatutainuka." Nikamtii, na hapo ndipo nilipokosea. Sare zako alizitia kwenye gunia akazipeleka kwa shangazi yako huko Ngao, bila kuniuliza. Mdogo wako Zawadi akajifunza kukuita "yule". Kikombe cha yule. Kitanda cha yule. Nakuambia wazi, mwanangu, nilimchukia baba yako. Nilimchukia kwa jinsi alivyoamka kila asubuhi akaenda kulima mpunga, kana kwamba kilichopotea ni jembe.

Halafu wafugaji wakarudi. Mama Dahabo, yule Mworma aliyekuwa akituuzia maziwa, alikuwa amehama na ng'ombe kwenda nchi ya juu mafuriko yalipoanza, na hakuna aliyempelekea habari. Asubuhi moja akatua kibuyu chake mlangoni akauliza, "Toto yangu iko wapi? Hawayu imeenda shule?"

Nilikuwa nimeshika sufuria. Zawadi akanitazama, akingoja nami niseme "yule". Nikasema, "Hawayu amekufa."

Akaketi palepale kwenye matope, akalia mpaka mtandio wake ukalowa. Baba yako akaja mbio kutoka shambani, jembe begani, akidhani kuna ugomvi. Nilijua atamnyamazisha. Lakini Mama Dahabo akamwahi.

"Hii toto ilinifundisha kuandika jina yangu," akamwambia. "Na kijiti, hapo njiani. Mimi mzee, na yeye ananichapa mkono nikikosea."

Hatukujua. Ulikuwa ukichelewa kurudi na maziwa, nami nikikugombeza, nawe hukujitetea hata siku moja.

Baba yako akaweka jembe chini. "Hawayu alikuchapa?" akauliza. Mama Dahabo akamwonyesha kiganja. Baba yako akacheka, kicheko kikakatika katikati kikawa kilio, nami nikamshika bega kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Tulikaa naye hadi maziwa yakaanza kuganda, akitusimulia habari zako kama mgeni aliyetoka huko mlikokuwa pamoja.

Sitakudanganya kwamba tumepona. Kuna siku nikiona wenzako wakitoka shule naingia ndani nafunga mlango. Lakini gunia limerudi kutoka Ngao, na Zawadi anavaa sweta yako ya shule, mikono ikimfunika vidole. Juzi mimi na baba yako tulibishana kuhusu jino lako la mbele. Yeye anashikilia liling'oka wakati wa Pasaka. Mimi nilikuwepo, ilikuwa wakati wa mavuno. Tulibishana mpaka chakula kikapoa. Zamani ningeona aibu. Sasa nautaka ugomvi huo kila siku.

Jumatatu kuna baraza Garsen kuhusu barabara, na baba yako ameomba nafasi ya kusema. Alikuwa amepanga kusema "tulipoteza mtoto mmoja". Nikamkataza. Nimemwambia ataje jina lako lote, umri wako na darasa ulilokuwamo, halafu asimame palepale, asikae, mpaka wamjibu. Mimi nitakuwa kwenye kiti cha mbele. Wakijaribu kupita kwenda kwa mtu mwingine, nitasimama naye.

Pumzika, mwanangu. Hasira tuachie sisi.

Ni mimi mama yako.