Niliwaambia Kamba Haina Mshindi

Shangazi Mbula mpendwa, niokoe kabla mwisho wa mwezi haujafika, maana nimejiharibia kwa mdomo wangu mwenyewe. Mimi ni mjane, nauza mboga hapa Kianda, na mwaka huu nimerudi shule, darasa la watu wazima, na somo linalonifurahisha kuliko yote ni fizikia, sasa chama chetu cha akina mama kila mwaka, mwezi huu ukiisha, huvuta kamba na akina mama wa Kawangware, wanaoshindwa wanawapikia washindi chapati na kuosha sufuria, na wanaoosha ni sisi mwaka nenda mwaka rudi, basi juzi mwalimu akatufundisha kwamba ukivuta kitu nacho kinakuvuta kwa kani ileile, nami nikatoka mbio kabla hajamaliza kwa sababu mazoezi yalikuwa yameanza, nikafika nikawatangazia wenzangu kwamba tunajisumbua bure, kani ni sawa pande zote, hakuna wa kusonga. Walinisikiliza utadhani ni mhubiri. Mwenzetu Nafuna akaachilia kamba, wengine wakafuata, na tangu hapo hakuna anayekuja mazoezini. Nahodha wetu, Mama Mabruka, aliniambia mbele ya wote, "Nabwire, tangu uingie hii shule yako ya gumbaru, umetutoa nguvu." Niliumia sana, Shangazi. Chama hiki ndicho kilichonishika nilipofiwa na mume wangu, siwezi kukipoteza. Je, niache shule?

Nabwire, Kianda

Nabwire, pole, halafu keti nikugombeze. Umekimbia na nusu ya somo ukaenda kulihubiri kama zima. Mwalimu hakukosea: kamba inawavuta nyinyi na inawavuta wao kwa kani sawa. Lakini kani moja imewashika wao, nyingine imewashika nyinyi, na kani zilizo kwa watu tofauti hazifutani. Ukisukuma mkokoteni, nao unakusukuma vilevile, mbona basi unaenda? Kwa sababu miguu yako imeng'ang'ania ardhi. Usukume kwenye matope ukiwa na ndala, uone nani atakayesonga.

Kwa hiyo mshindi wa kamba huamuliwa miguuni. Nyayo zinaisukuma ardhi mbele, ardhi inakusukuma nyuma, na wenye msuguano mkubwa zaidi huwakokota wenzao, wapende wasipende.

Leo jioni nenda kwa Mama Mabruka, usizungukezunguke, mwambie, "Mama, nilisoma nusu. Nimekuletea ile nyingine." Kila mtu avae raba zenye meno. Shusheni makalio, mlalie nyuma, visigino vichimbe. Kama Mama Mabruka ni mwanamke wa mwili, mwekeni mwisho wa kamba, maana uzito huikandamiza ardhi na msuguano huongezeka. Hiyo ni sifa, na mwambie kwa heshima.

Shule usiache, nakukataza. Ukiacha sasa utabaki na nusu hiyohiyo maisha yako yote. Na hao waliokushika ukilia hawatakuachilia kwa sababu ya kamba. Wamenuna tu, watapoa.

La mwisho nalisema kwa shingo upande. Ndala zenu nazijua kwa sababu nimeziona zikiteleza kuja kwangu. Mimi ni wa Kawangware, navuta wa pili kutoka nyuma, na mkitushinda mtakula chapati zangu, ambazo hata mume wangu huzikimbia. Njooni na raba hivyo hivyo.

Shangazi Mbula