Kukaza Mara ya Pili

Kinoru, Meru
Jumamosi

Kwa dada yangu mpendwa, Mama Ciku,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, pamoja na watoto, na kwamba mvua ya Kibugu haijawazuia kuchuma majani chai. Sisi huku tu wazima kwa namna ya watu waliofiwa: tunakula tukikumbushwa na tunalala tukichoka. Mama anajikaza. Tangu asubuhi anapikia wageni chai, na akiambiwa apumzike anafoka, kwa hiyo ujue bado ni yeye yule yule.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hushiki, na wala sikulaumu. Shemeji Gitari alipokuja kutupa pole alinieleza kwamba hutakuja kumzika baba. Alisema ulimjibu kwamba fundi aliyemharibia mzee jina hawezi kusimama mbele ya wateja wake na watu wa kanisa. Neno hilo limeniuma, Makandi. Nimempa Gitari barua hii mkononi na nimemwomba asiondoke karibu nawe mpaka uimalize.

Lazima nianze na lile pikapu la Mwalimu Kiunga, Pijo 404. Najua hutaki kulisikia. Mimi ni karani wa ofisi ya ardhi, na mzee alizoea kuwaambia watu kwamba mwanawe wa kiume hufungua soda kwa shida, lakini mwaka ule nilikuwa nikipita gereji ya mzee kila jioni nikakuona ukifanya kazi. Uliifanyia injini ile oveholi, ukaifungua yote na kuiunda upya, karibu peke yako, kwa kuwa macho ya mzee yalikuwa yameanza kumsaliti. Nakumbuka ulivyoinamia zile slivu, mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, ukizipima moja moja kwa kibati chembamba, kuhakikisha kila moja imechomoza kidogo tu juu ya bloku ili hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ikifungwa iweze kuuma vizuri gasketi, bamba jembamba la kuzibia. Nakumbuka pia ulivyomkatalia Mwalimu oili yake ya bei kali, nyepesi kama maji, ukamwambia hiyo ni ya magari ya juzi, na kwamba pete mpya za pistoni zinataka oili nzito ya kawaida mpaka zizoeane na slivu. Mwalimu wa watu alirudi dukani kama mtoto wa darasa la pili.

Uliwasha injini ikapata moto, ukaizima, kisha ukaenda Kibugu kwa shughuli ya kina Gitari. Uliacha agizo moja tu. Gasketi mpya ikipata moto mara ya kwanza hujilaza, na bolti za hedi hulegea. Kwa hiyo injini ipoe hadi asubuhi, mzee akaze bolti zote tena kwa utaratibu wake, ndipo gari liondoke.

Yaliyofuata unayajua. Pijo ilikufa kwenye barabara ya Chuka, ikiwa imebeba viti na vyakula vya harusi ya binti wa Mwalimu. Gasketi ilikuwa imeungua katikati ya silinda mbili, na maji yaliingia kwenye oili mpaka ikawa rangi ya chai ya maziwa, beringi zikaisha. Uliporudi, mzee alisema mbele ya watu wote wa gereji kwamba bolti alizikaza yeye mwenyewe, asubuhi, injini ikiwa baridi, kwa hiyo kosa lilikuwa kwenye vipimo vyako na oili yako. Hukumjibu. Uliweka spana juu ya meza ukanawa mikono, na tangu siku hiyo hujagusa injini. Uliolewa, ukapanda chai, na ukawa unatusalimia kwa simu wakati wa Krismasi. Sasa Ciku yuko sekondari na hajui kwamba mama yake alikuwa fundi.

Mwaka huu moyo wa mzee ulianza kusumbua. Daktari alimwambia asiinue kitu kizito kuliko kikombe. Wiki hiyo hiyo akawaita vijana wa jirani wakaitoa Pijo nyuma ya gereji, mahali Mwalimu alipoitelekeza na ambapo kuku wa mama walikuwa wameshaigeuza kiota. Mama alimuuliza kama ameamua kujiua. Akasema anataka kwenda Kibugu, na hawezi kwenda kwa gari lingine. Tulidhani ni uzee.

Alifanya kazi kidogo kidogo, akikaa kwenye kiti, mimi nikiwa mikono yake. Alipofungua hedi alichukua kile kibati akazipima slivu, akarudia. Kisha akaniambia nitazame, ingawa alijua sioni kitu. Akasema zote ziko sawasawa jinsi ulivyoziweka. Hedi ilikuwa imepinda kwa joto, tukaipeleka mjini ikasawazishwa, tukaweka na beringi na gasketi mpya. Ilipofika zamu ya oili alinituma dukani, na kijana wa duka akanishawishi nichukue ile nyepesi, ya kisasa. Mzee aliitazama ile galoni akaniuliza kama nimewahi kusikiliza chochote katika maisha yangu. Akaniambia nirudishe, nilete ile ya Makandi. Dada, sikuwa nimemsikia akitaja jina lako ndani ya gereji tangu ulipoondoka. Niliendesha pikipiki hadi mjini nikilia, na kofia ya chuma si kitu cha kulilia ndani.

Jumanne injini iliwaka. Ilikohoa, ikatoa moshi, halafu ikatulia na kunguruma vizuri hata mimi nikasikia kwamba ni vizuri. Mama alitoka jikoni na unga mikononi. Mzee aliiacha ipate moto, akaizima, akasema isiguswe mpaka ipoe kabisa, kesho asubuhi. Nilimwona amechoka, midomo imebadilika rangi. Nikamsihi twende siku hiyo hiyo, tupitie Chuka tufike Kibugu kabla ya jioni, bolti tutazikaza kwako. Kama si hivyo, nikupigie simu uje. Alikataa yote mawili. Ndipo aliponieleza.

Makandi, mzee hakukaza bolti zile. Mwalimu alifika jioni ile ile ulipoondoka, injini bado ina joto, akasema harusi ni kesho na gari analihitaji. Mzee aliona aibu kumwambia mteja wa miaka mingi kwamba asubiri kwa sababu binti yake amesema hivyo. Akampa funguo, akamwambia kila kitu kimekamilika. Gari lilipoharibika aliogopa gereji nzima ingejua kwamba yeye, fundi Salesio, alitoa injini ambayo haijakazwa mara ya pili, kitu ambacho hata mwanagenzi hakifanyi. Ikawa wewe ndiye uliyebebeshwa lawama. Alisema alidhani utamjibu, utamkasirikia, na yeye angepata nafasi ya kukiri. Ulipoweka spana bila neno alishindwa, na kila mwaka uliopita ukawa mzito kuliko uliotangulia. Alitaka kukwambia kwa kinywa chake, nyumbani kwako, mbele ya Gitari na watoto, na alitaka ufungue boneti uone kwamba safari hii amesubiri. Akasema hawezi kuja kukuomba msamaha kwa hedi ambayo haijakazwa.

Basi tukasubiri. Asubuhi ya Jumatano alitangulia gereji. Mama alipompelekea uji alimkuta kwenye kiti chake kando ya Pijo, kiganja juu ya bloku, kama mtu anayeangalia kama imepoa. Ilikuwa imepoa. Yeye pia.

Nina hasira naye, na nampenda, na sijui nianze na lipi. Mara moja maishani alipaswa kusubiri akakataa. Mara moja alipaswa kufanya haraka, akasubiri. Nimemweleza Mwalimu Kiunga yote. Alivua miwani, akasema atasimama siku ya mazishi na kuyasema. Mama hataki, anasema marehemu hasemwi mbele ya jeneza lake. Mimi nimeshaamua yatasemwa, na kama Mwalimu atashindwa nitayasema mimi.

Tunazika Ijumaa. Mwili uko mochari ya mjini, na kanisa limetupatia gari la kumleta nyumbani. Nimewaambia wasubiri kidogo. Sijaiwasha Pijo tena. Bolti ziko vile vile alivyoziacha, spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, iko juu ya kiti chake, na vijana waliotaka kuzikaza nimewafukuza. Ukija Alhamisi ukazikaza, tutamleta baba kwa pikapu hilo na wewe ndiye utakayeendesha. Usipokuja nitakubali gari la kanisa na sitakulaumu hata siku moja, lakini Pijo haitatoka. Haitaondoka mara ya pili na hedi ambayo wewe hujaikaza.

Mama anakusalimu sana. Hajui kila nilichoandika hapa, ila amenituma nikwambie kwamba ovaroli yako ya zamani ameifua na ameianika. Msalimie Ciku na wadogo zake. Mungu awalinde mpaka tuonane.

Ndimi mdogo wako,
Murithi