Barua Mbili, Saini Moja ya Mzee

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumatatu, kwa sababu Jumatatu asubuhi natakiwa kupeleka barua mahali na mkobani mwangu zimo mbili, na tangu juzi chakula hakipiti, mke wangu ananiuliza nina nini nami namwambia ni tumbo.

Mimi ni fundi wa mashine ya kukata karatasi, nina miaka thelathini na saba, kiwanda nilichokuwa nikifanyia kazi kilifungwa mwaka juzi, na tangu hapo nimeomba kila kazi iliyotangazwa mpaka makarani wa mapokezi wakanipa jina la Bahasha, na sijaitwa hata mara moja. Basi rafiki yangu niliyesoma naye chuo cha ufundi akaniambia wewe unapoteza muda, kazi ya maana haitangazwi, ukiiona gazetini ujue mwenyewe ameshapatikana, kazi hunong'onwa, mtu akiondoka mwingine anaingia kabla kiti hakijapoa. Maneno yale yaliniingia. Nikanunua daftari nikawa naandika nani anaumwa, nani ana mimba, nani amegombana na bosi, nani amebakiza mwaka astaafu. Nilihudhuria sherehe tatu za kuwaaga wastaafu nisiowajua, na ile ya tatu nililia kuliko wafanyakazi wenzake mpaka nikaombwa niseme machache. Kwenye msiba wa mhasibu mmoja nilimpa meneja wake mkono wa pole pamoja na bahasha yenye vyeti vyangu, akadhani ni rambirambi, akaipeleka kwa mjane. Hilo nakiri halikuwa zuri.

Miezi miwili iliyopita kaka wa mke wangu, ambaye ni mlinzi wa geti kwenye kiwanda kimoja cha kupiga chapa, akaniambia, "Shemeji, mkataji karatasi wetu, yule mzee, ameteguka mgongo akiinua marobota. Yuko kwake amelala chali, na wanavyosema hamalizi mwaka huu kazini." Nikaenda kumuona siku hiyohiyo. Nilimwambia nimetumwa na wenzake wa kazini, na mzee wa watu akafurahi sana, kumbe tangu alale hakuna hata mmoja aliyefika. Amefiwa na mkewe na binti yake ameolewa mbali, jirani ndiye anayemletea chakula. Basi nikawa naenda kila baada ya siku moja, nampelekea machungwa, namgeuza, namfulia mashuka.

Mshauri, sikufichi, wiki za mwanzo nilikuwa nikifika pale naangalia mgongo, simwangalii mtu. Akisema leo kuna nafuu, mimi nanyong'onyea. Naye kutwa ananifundisha mashine yao, jinsi kisu kinavyovuta kushoto na jinsi ya kuweka kipande cha kadibodi chini ya kibano ili karatasi zisiteleze, na akaanza kuniita mwanangu.

Juzi daktari alimwambia akipumzika wiki sita zaidi atarudi kazini, ila asiinue mizigo. Mzee akaniambia, "Mwanangu, niandikie barua. Bosi anataka Jumatatu ajue kama narudi au sirudi. Mwambie narudi, anipe hizo wiki sita tu. Nimebakiza miezi minane nistaafu, nataka nitoke pale kwa miguu yangu." Yeye hawezi kukaa akaandika, na hawezi kusoma, maana miwani yake imebaki kwenye droo ya meza ya kazini tangu siku alipoumia. Nikaandika kama alivyonitamkia. Halafu sijui nini kilinipitia, nikachukua karatasi nyingine nikaandika kwamba kwa sababu ya afya anaomba kuacha kazi kuanzia leo. Akauliza mbona mbili, nikamwambia moja ni nakala ya faili. Akatia saini zote mbili akanishukuru.

Sasa shemeji anasema bosi ameshaanza kuuliza kama kuna mtu anayejua kazi ile. Nami najiambia labda mzee akiacha ndiyo salama yake, afya kwanza, mgongo wa mtu wa umri ule si wa kuchezea, na mimi nina watoto wawili na mke anayeshona nguo za watu mpaka vidole vinakufa ganzi. Nafasi hii hakuna aliyeitangaza, nimeitafuta kwa jasho langu. Nipeleke barua ipi? Tafadhali usinicheke.

Mtafuta Nafasi

*

Mtafuta Nafasi, ombi lako la nisikucheke umeliweka mwisho kabisa wa barua, na mimi nilikuwa nimeshacheka tangu kwa mjane. Namwona mama wa watu amekaa na ndugu zake, wanafungua bahasha moja moja, wanamshukuru Mungu, mara wanakutana na cheti chako cha kukata karatasi na maelezo kwamba uko tayari kuanza kazi mara moja. Bora hata ungeweka bahasha tupu.

Kicheko changu kiliishia kwenye saini.

Rafiki yako wa chuo hakukudanganya. Ni kweli nafasi nyingi hazifiki gazetini, watu huitana, fulani anamtaja fulani, na anayejulikana ndiye anayekumbukwa. Alikwambia ukae karibu na watu wanaofanya kazi. Wewe ukaenda kukaa karibu na wanaougua, ukawapanga kwenye daftari kama kunguru anayehesabu vifaranga. Wajawazito nao umewaandika. Hivi mwenye mimba alikukosea nini?

Halafu unaniletea habari za afya kwanza. Tangu lini? Mzee akipata nafuu unanyong'onyea, leo umekuwa daktari wake. Mwenye mgongo amesema anarudi, na mwenye kusomea migongo amesema anaweza. Wewe ni nani katika hao wawili? Usijifiche nyuma ya watoto wako pia. Wanahitaji baba mwenye kazi, hilo nalijua na nakuonea huruma kwa dhati, miaka miwili ya kubisha milango si mchezo, na mwanamume anayemtazama mkewe akisugua vidole vyenye ganzi anaweza kufika mahali akili ikamruka. Lakini akili yako haikuruka. Ilikaa chini, ikachukua karatasi ya pili, ikatunga uongo wa nakala ya faili papo hapo. Huo ni wizi, ndugu yangu, ila umemfanya mwenye mali akutilie saini.

Na ile miwani. Umekwenda kwa mzee miezi miwili, shemeji yako anashinda getini palepale, miwani imo kwenye droo, na haikukujia hata siku moja umwambie akuchukulie? Au ilikujia, ukaiacha? Sihitaji jibu, jijibu mwenyewe.

Ukiipeleka ile ya kuacha kazi utaonekana mjanja kwa siku chache. Kisha mzee atamtuma jirani aulize kama bosi amekubali zile wiki sita. Njia ya mwongo ni fupi, na yako inapita kwenye geti analolinda shemeji yako. Utafukuzwa wewe, atafukuzwa na yeye, mkeo atakuwa na waume wawili wa kulisha, wake na wa wifi yake. Na mbele ya sheria sitakuwepo kukusaidia kueleza.

Lakini linaloniudhi hasa ni hili: nafasi uliyoitafuta ulikuwa umeishika mkononi, ukaiandika kwa kalamu yako mwenyewe, na hukuiona. Wiki sita. Mzee akiwa kitandani hizo wiki sita, nani atakata karatasi? Akirudi bila ruhusa ya kuinua mizigo, nani atamwinulia marobota hiyo miezi minane? Na akishastaafu, bosi atahangaika kutafuta mgeni wakati yupo mtu anayejua kisu kinavuta upande gani? Unadhani mzee alikuwa anakufundisha mashine ili kupiga soga? Mtu aliyelala chali alikuwa anakuandalia mahali, na wewe ulikuwa unasubiri mgongo ukatike.

Sasa nisikilize. Usingoje Jumatatu. Leo mwombe shemeji yako aichukue ile miwani, uende nayo kwa mzee, umvalishe, umpe barua zote mbili azisome mwenyewe. Wewe kaa kimya. Usianze na mkeo wala watoto. Akimaliza kusoma mwambie na la pili, kwamba hakuna mwenzake wa kazini aliyekutuma siku ile ya kwanza. Hilo litamuuma kuliko barua, kwa sababu alilifurahia, na ndiyo maana inabidi alisikie kutoka kwako. Ile ya kuacha kazi aichane yeye. Ile aliyokutamkia uipeleke Jumatatu hata kama amekutukana mpaka akachoka, kwa kuwa alikutuma na ukakubali.

Siku hiyo usimwombe akutaje kwa bosi, hata kwa kuzungukazunguka, nakujua. Akitaka atasema. Asipotaka, endelea kwenda kumgeuza na kumfulia mashuka mpaka asimame, kama atakuruhusu uingie, maana ndicho ulichomzoesha na hana mwingine. Kazi yenyewe ukiikosa, kuna viwanda vingine vya chapa. Ingia mchana kwa mlango wa mbele, taja jina lako na mashine unazozijua, uliza kama wanahitaji mkono wa ziada msimu wa kazi nyingi. Waambie na mafundi uliofanya nao zamani kwamba huna kazi, badala ya kuwaandika kwenye daftari. Watu huajiriwa hivyo kila siku, na hakuna anayelazimika kuugua kwanza.

Daftari lichome. Mkeo mwambie si tumbo, na umwambie wewe kabla kaka yake hajamwambia. Na safari nyingine ukisikia mtu anaumwa, nenda kumuona kwa sababu anaumwa.