Kwa Nini Cherehani Yako Imerudi Nyumbani

Nyumba ya nyuma ya soko,
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kwamba lile goti limekupumzisha sasa baridi ya huko ikiwa imepungua. Na mzee wako je, bado anabishana na redio kama vile mtangazaji anamsikia? Mwambie tunamkumbuka.

Sisi huku ni wazima wa mwili. Kaka yako anapumua, anakula, analalamika. Wifi yako anaamka na jogoo kama kawaida. Mimi bado niko hospitali, chumba cha eksirei, na lile jina la Bibi Kimya ulilonipa nikiwa mdogo limenifuata hadi huko. Wagonjwa wananiita hivyo wenyewe, bila kuambiwa na mtu.

Nimeandika "wazima wa mwili" nikaitazama sentensi hiyo kwa muda. Nimeamua kuiacha ilivyo.

Shangazi, cherehani yako iko sebuleni kwetu. Ile nyeusi ya kukanyaga, uliyomwachia Fundi ulipoondoka. Aliileta mwenyewe kwa mkokoteni, imefunikwa shuka safi kama mgonjwa, akamwambia Mama, "Wifi yako akirudi mkabidhi. Mwambie haijapungua kitu." Mama akamwambia aketi kidogo apoze koo. Fundi akajibu kwamba mkokoteni ni wa watu, akaondoka nao ukigonga mawe njia nzima.

Nakuandikia mimi kabla hujasikia kwa wengine, kwa sababu wengine watakuambia Mama na Fundi waligombana. Hawakugombana. Wangegombana, sasa hivi wangekuwa wamekwisha kupatana.

Mambo yalianza redioni. Tulisikia kwamba katika miji mingine watu wamekuta sindano ndani ya matunda. Si tunda lililochomwa kwa bahati mbaya: mtu alikuwa anazisukuma sindano ndani, mpaka zinapotea, halafu anayaacha matunda yaende zake mezani kwa watu. Mama alisikiliza huku anapanga mapapai, kisha akaizima redio. "Ya huko yabaki huko," akasema.

Hayakubaki huko. Yule mwalimu wa hesabu aliyenifundisha alinunua mapera kwa Mama, akaondoka akiwa anakula moja njiani kama alivyozoea. Baada ya kitambo kidogo akarudi, leso mdomoni. Alisubiri wateja waondoke. Halafu akaikunjua ile leso juu ya meza, na ndani yake kulikuwa na sindano ya kushonea kwa mkono, na damu kidogo.

"Mama, sijaja kugomba," alisema. "Nimekuja kukuonyesha tu."

Mama anasema angemtukana ingekuwa afadhali.

Unajua, Shangazi, nimefikiri sana kwa nini liwe pera. Papai unalikata, unaliona tumbo lake lote. Chungwa unalimenya. Pera unaliuma jinsi lilivyo, na mbegu zake huzitafuni, unazimeza, kwa sababu ukizitafuna zinakuuma meno. Yaani ni tunda ambalo mlaji amekwisha kukubali kumeza asichokiona. Aliyeichagua njia hiyo alilijua pera vizuri. Pengine alilila utotoni kama sisi. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko sindano yenyewe.

Bwana afya alikuja na watu wake, wakabeba mapera yote kwenye mifuko. Waliuliza yanatoka wapi, na Mama akaanza kueleza: kuna anayechuma, kuna anayepakia, kuna dereva, kuna wa jumla, kuna wapagazi, kuna yeye, halafu kuna wateja wanaobonyeza bonyeza na kuacha. Alieleza mpaka katikati, kisha akaitazama meza yake. Nilikuwa nimesimama pembeni, nikaona alichokiona. Miaka yote hiyo alidhani anauza matunda, kumbe alikuwa anauza mikono ya watu asiowajua.

Mpaka leo hawajampata aliyefanya. Sindano nyingine mbili zilipatikana upande wa pili wa soko. Ya nne, kijana mmoja aliichomeka mwenyewe ili ajirekodi kwa simu, akakamatwa, na watu wakacheka kwa siku moja. Kisha wakaacha kucheka, kwa sababu sasa hata aliyeumia kweli haaminiki.

Sasa nakuja kwa Fundi.

Unakumbuka desturi yao, maana uliianzisha wewe ulipokuwa ukishona pale. Kazi ikipungua mchana, Fundi anavuka kichochoro na mabaki yake ya vitambaa, anayafuta matunda ya Mama moja moja mpaka yanang'aa. Mama akitaka kwenda msalani au kununua sabuni, anasema, "Niangalizie meza," wala hageuki kutazama anamwambia nani. Miaka yote mtu ni mmoja. Mimi nilijifunza kuhesabu kwa kuketi kati yao, nikipanga vifungo vya huyu na mapera ya yule.

Baada ya ile leso ya mwalimu, watu walianza kuuliza swali la kijinga lililovaa nguo za akili: sindano ni za nani? Nani sokoni ana sindano? Yule muuza mayai akawa anapita dukani kwa Fundi na kusema kwa sauti ya kila mtu asikie, "Fundi, umehesabu leo? Zimetimia?"

Fundi alimjibu mara ya kwanza. "Zimetimia, baba. Njoo nikushone mdomo uone."

Watu walicheka, na Mama alicheka kuliko wote. Siku zilizofuata yule mtu aliuliza tena na tena, na utani ukawa unapungua, swali linabaki. Hakuna aliyemshtaki Fundi. Hakuna aliyesema neno ambalo Fundi angeweza kulikanusha. Ila waliokuwa wamepeleka sare za watoto wakaja kuzichukua kabla hazijakamilika. Mmoja alisema nguo inagusa ngozi. Alisema hivyo tu, nguo inagusa ngozi, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Kila nyumba ina sindano, Shangazi. Yetu imechomekwa kwenye pazia la jikoni tangu nizaliwe.

Halafu ikaja siku ambayo Mama alitaka kwenda msalani. Mimi nilikuwepo, kwa kuwa zamu yangu ya hospitali ilikuwa ya jioni. Fundi alikuwa ameketi pale pale kwenye kigoda chake, kitambaa mkononi, anafuta papai. Mama akasimama, akajifunga kanga yake vizuri, akageuka upande wa pili na kumwambia yule anayetengeneza simu, "Mwanangu, niangalizie meza."

Kijana wa simu alishangaa. Alimtazama Mama, akamtazama Fundi, akasema sawa. Mama alikwisha kwenda.

Fundi alimaliza kulifuta lile papai. Alilifuta mpaka kwenye kikonyo, akalirudisha mahali pake, akaniuliza, "Bibi Kimya, kumbe nimestaafu leo?"

Nilitaka kusema kitu. Nina maneno mengi kichwani na yote huamka yakiwa yamechelewa. Nilitabasamu tu. Sijui alilisoma vipi tabasamu langu. Alikunja kitambaa chake mara nne, akavuka kichochoro. Hajavuka tena tangu hapo.

Mama anasema hakumshuku. Nimemwuliza mara mbili tu, kwa sababu mara ya pili aliniomba niache. Anasema alitaka kumkinga: watu wakiona mikono ya Fundi kwenye matunda, watasema zaidi. "Nilikuwa namwondoa kwenye midomo yao," anasema. Inawezekana. Lakini anasema hivyo huku anaangalia sakafu, na nadhani yeye mwenyewe hana hakika. Nadhani kuna kitu kilipita ndani yake haraka, kama panya anavyopita chini ya mlango. Hakumwona vizuri, na sasa hawezi kuapa kwamba hakuwepo.

Hospitali nako hakukaliki. Watu wameanza kuleta matunda chumba cha eksirei. Mkubwa wangu huwafukuza kwa mzaha, anawauliza, "Mgonjwa ana umri gani?" Lakini kuna mama mmoja alilia. Mtoto wake amepona homa kali na alikuwa ameomba pera, pera tu, wala hataki kingine. Mkubwa akaniambia nifunge mlango nimsaidie.

Niliyapiga picha yale mapera. Ni mazuri, Shangazi, yakiwa hivyo. Mbegu zinatokea kama nyota zilizorundikana katikati ya wingu. Hakukuwa na kitu chochote, nikamwonyesha yule mama kwenye kioo, nikampitisha taratibu kila pembe. Alitazama kwa makini. Alinishukuru sana, akanibariki mimi na wazazi wangu. Alipoondoka nikakuta mapera ameyaacha kwenye benchi.

Tangu siku ile nimeacha kuamini kwamba tungepata ushahidi mambo yangetengemaa. Mimi mwenyewe nakata kila kitu vipande vidogo. Nakata ndizi. Nikila wali natafuna kama mtu aliyeambiwa kuna mawe. Kaka yako ameacha matunda kabisa. Anasema meno aliyobaki nayo ni machache, hataki kuyapeleka vitani.

Cherehani ilipoletwa, Mama hakulala vizuri. Asubuhi alichagua pera moja, zuri, la njano lenye wekundu kidogo upande mmoja, akaniambia tufuatane nyumbani kwa Fundi. Nilidhani atasema mengi. Tulikaribishwa, tukapewa viti, tukaulizana habari za watu wote mpaka wa ukoo wa mbali. Wewe ulitajwa. Kisha Mama akalitoa lile pera, akaliweka kwenye kiganja cha Fundi.

"Nimekuletea," akasema.

"Ahsante, mwenzangu. Nitalila baadaye."

"Kula sasa."

"Nimeshiba."

Walitazamana. Nilimwona Fundi anaelewa, na nilimwona Mama anaelewa kwamba ameeleweka. Mama alitaka kumwambia: nakuamini, nami niamini. Lakini namna gani utamwomba mtu aume tunda kutoka meza ambayo hukumwachia hata kuiangalia? Fundi alisimama, akaliweka pera dirishani, upande wa kichochoro, akatushukuru kwa kumtembelea. Mama hakusema samahani. Nilisubiri aseme njiani, nilisubiri aseme nyumbani. Badala yake alichukua mafuta akaanza kuipaka cherehani yako, yeye ambaye hajui hata kutunga uzi. Sasa ni kazi yake ya kila jioni. Anasema isije ikashika kutu kabla mwenyewe hajairudia. Simwulizi mwenyewe ni nani kati yenu wawili.

Dirisha lile liko njiani mwangu kwenda kazini. Pera likakaa. Likaiva zaidi, likaanza kunukia. Na harufu ya pera unaijua, haifichiki, ilijaa kichochoro kizima. Mama naye hupita pale na kapu lake. Jioni tukila anauliza, kama mtu asiyejali, "Lipo?" Nami najibu, "Lipo." Kaka yako hutazama sahani yake.

Niliiacha barua hii hapo juzi, nikidhani nimemaliza. Leo naongeza kidogo.

Asubuhi nimepita, dirisha lilikuwa tupu. Limefutwa, safi, halina hata doa pale pera lilipokuwa. Mlango ulikuwa umefungwa, sikusikia kitu ndani. Nilisimama mpaka nikaona aibu. Nilitazama hata kwenye pipa la takataka la kona, Shangazi, mtu mzima mimi, nimesoma. Sikuona kitu, lakini pipa lilikuwa limejaa na sikuthubutu kuchimbua.

Jioni Mama ameuliza, "Lipo?"

Nimemwambia sikuangalia.

Mwandikie Fundi. Usimwambie kwamba nimekuambia. Mwulize tu habari za kazi, mwombe akushonee kitu, chochote, na umwambie hakuna haja ya kutuma vipimo kwa sababu anavijua. Huenda akaja kuichukua cherehani ili amalize kazi yako. Akija, nitampeleka kwanza mezani kwa Mama, na nitahakikisha Mama ana haja ya kwenda msalani.

Baba anakusalimu, na anasema ulimwahidi soksi. Wifi yako anakusalimu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuandika. Msalimie mzee wako, na wale binamu zangu mapacha. Waambie wasiume tunda bila kulikata, halafu wanisamehe kwa kuwaambia hivyo. Fundi hajakusalimu, kwa sababu hajui kwamba naandika.

Mungu akulindie mikono inayokupikia na milango unayoingia bila kubisha.

Mimi nikupendaye hata nikinyamaza,
Bibi Kimya wako