Kadi Niliyoificha

Rehema mpwa wangu,

Huku Kulesa tu wazima. Mahindi yamebeba, na mdogo wenu anaota meno, kwa hiyo usingizi hakuna.

Umeniuliza ufanyeje mwalimu akiandika herufi usizozijua na wenzako wote wanaitikia kwa kichwa. Mimi yalinikuta. Zawadi wangu alipoumwa na mbwa, hospitali ya Garsen walimdunga sindano, wakaandika kwenye kadi: ARV, arudi siku ya tatu. ARV niliyoijua mimi ni dawa ya ukimwi. Nikaona aibu, nikaificha kadi chini ya godoro. Siku ya tatu sikwenda.

Siku ya nne mama mkwe akauliza, “We mwana, mbona mtoto harudishwi kudungwa sindano?” Nikamwonyesha kadi huku nalia.

“Sasa unanililia mimi? Mimi ndiye niliyeandika? Twende Garsen.”

Muuguzi aliposikia nimeificha kadi nikidhani ni ya ukimwi, akacheka. “Mama, hii ARV ni anti-rabies vaccine, chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa ule ukishaanza, hauna dawa.” Akamdunga palepale.

Kwa hiyo nyoosha mkono, mwanangu, uulize. Wakikucheka, waache wacheke. Muuguzi yule alinicheka mpaka mlangoni, nami nilikuwa nimembeba Zawadi mgongoni, mzima.

Shangazi yako,
Mama Zawadi