Fomu Isiyo na Muhuri

Jumanne, 1 Oktoba

Leo nimegawiwa kama mnofu. Mezani kwa mama mkwe, mbele ya nguruwe mzima wa kuchoma, mume wangu Gaudencio kavaa miwani yake kasoma karatasi ya kugawa viti. Yeye gavana. Mdogo wake Nonoy, Bunge la taifa. Mwanetu Jovito, naibu gavana. Halafu mimi: "Leonisa apumzike."

Apumzike! Nani kamwambia nimechoka?

Akanishika bega, akanishukuru mbele ya ukoo mzima kwa kumshikia kiti kipindi hiki cha miaka mitatu. Wakapiga makofi. Hata Jovito — mtoto niliyemzaa kwa uchungu wa saa thelathini! Kweli, nilikalishwa. Mume wangu alikuwa amemaliza vipindi vitatu, sheria ikamwambia kaa pembeni kimoja, ndipo wakamkumbuka mkunga wa zahanati aliye nyumbani. Nikapandishwa majukwaani kupunga mkono kama mwanasesere. Nakubali. Lakini mwanasesere kaionja kazi, na kazi kaipenda.

Nikawaambia sitoki. Nagombea. Mwisho wa kurudisha fomu ni Jumanne ijayo saa kumi na moja jioni, muda ninao tele. Donya Paz akaomba siki. Mama mkwe huyu hajanisikia tangu nilipoolewa, sikutarajia aanze leo.

Jumatano, 2 Oktoba

Gaudencio kaja ofisini kwangu asubuhi, kakaa kwenye kiti changu. Katibu muhtasi kamletea kahawa kwenye kikombe chake cha zamani — kumbe kilikuwa kinatunzwa! Sikubishana naye. Nikavuta kiti cha wageni nikapokea watu wangu kutoka hapo: mganga mkuu, wakulima wa nazi, masista wa kituo cha yatima. Kila aliyeingia alimtazama yeye, akanitazama mimi, hajui amsalimie nani kwanza. Saa tano ikamshinda, akaondoka. Kikombe nimekitupa.

Anachotaka si kiti. Anataka machimbo ya kokoto ya Lusong. Mimi ndiye niliyeyafunga, na rafiki zake hawajanisamehe mpaka leo. Akirudi yeye, makatapila yanarudi mtoni wiki hiyohiyo. Na huko chini, Bagtingon, watu wanakaa na mabegi yaliyofungwa kila wingu likijikusanya. Machimbo hayafunguliwi ng'o! Labda anizike kwanza.

Fomu nimeijaza yote kwa mkono wangu. Chama ni chake, basi nimeandika mgombea binafsi. Imebaki kuapa mbele ya wakili na kugongewa muhuri. Kazi ya dakika tano.

Alhamisi, 3 Oktoba

Dakika tano! Mawakili saba leo. Kiguu na njia tangu saa tatu, mimi na dereva wangu Restituto, jua la utosi.

Wa kwanza muhuri wake umevunjika. Wa pili muhuri uko kwa fundi — fundi gani wa mihuri, mkoa huu wa Salugan? Wa tatu kajificha chooni. Viatu vyake niliviona chini ya mlango, nikaviamkia. Wa nne, Teofredo, angalau kasema ukweli huku anatazama sakafu. Gaudencio alimsimamia ubatizo, alimsimamia harusi, alimlipia chuo cha sheria. Sasa amwangalieje machoni?

Wote ni watoto wake wa ubatizo! Mkoa mzima hakuna mwenye muhuri ambaye mume wangu hakusimama nyuma yake kanisani. Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa pembeni yake, nimeshika mshumaa. Hilo hakuna anayelikumbuka. Restituto kaniuliza kwa upole kama tuendelee. Nikamwambia aweke mafuta.

Ijumaa, 4 Oktoba

Wanne wengine. Hola, hakuna muhuri. Jaji yuko likizo, ghafla. Nimekata tiketi ya boti ya kesho kwenda kisiwa cha Cebu. Huko Gaudencio hajamsimamia mtu ubatizo.

Nguo zake nimezihamishia chumba cha wageni. Kanuna, kaenda kulala kwa mama yake. Mtu mzima ovyo.

Jumamosi, 5 Oktoba

Bandari imefungwa. Dhoruba inapita kaskazini, boti haziondoki mpaka Jumatano. Jumatano! Fomu zinafungwa Jumanne.

Nilikuwa nakula samaki mkavu na wali wa vitunguu saumu, peke yangu, hasira zimenijaa, Gaudencio akaingia. Mpole. Ndipo nikajua ana kitu. Akavuta kiti, akaweka karatasi kando ya sahani yangu, akaigeuza niisome vizuri.

Kibali cha machimbo ya Lusong. Julai 2022. Chini kabisa — saini yangu.

Naandika. Sijawahi kuliandika hili hata humu.

Wiki yangu ya kwanza ofisini aliniletea rundo la karatasi. Kila pa kutia saini pana stika ya njano. Hapa, hapa, na hapa, mke wangu, kwa faida ya watu. Nikatia. Zaidi ya arobaini, sikusoma hata moja. Januari iliyofuata mvua ikanyesha siku nne. Ukingo wa mto walioula na makatapila yao ukabomoka, maji yakaingia Bagtingon alfajiri. Watu kumi na tisa.

Watu wakasema kibali alikiacha Gaudencio alipokuwa anaondoka. Nami nikakaa kimya. Nikaenda Bagtingon, nikalia nao, nikagawa mchele, nikafunga machimbo, wakaniita mama wa Bagtingon. Nikaitika! Miaka karibu miwili naitikia.

Nimerudi kwenye shajara ya Julai ile kutafuta siku yenyewe. Nimeipata. Nimeandika ukurasa mzima kuhusu mapazia ya ofisi.

Alisema maneno machache tu. "Ukirudisha fomu, hii inasomwa redioni. Ukipumzika, inabaki kabatini kwangu. Chagua, Inday." Aliniita Inday, kama alivyoniita zamani akinichumbia. Halafu akachukua samaki kwenye sahani yangu, akala, akaondoka.

Yeye kaiandaa karatasi, mimi nimetia saini. Sitajifanya hamnazo tena. Lakini thubutu! Anipeleke kaburini na karatasi yangu mwenyewe? Atajua hajui.

Jumapili, 6 Oktoba

Misa ya kubariki wagombea. Ukoo mzima rangi ya machungwa ya chama, safu ya mbele. Mimi nimevaa buluu, nikaenda kukaa katikati yao, palepale pembeni ya mume wangu. Nyumba ya Mungu haina karatasi ya Gaudencio ya kugawa viti. Kamera zikalia. Wakati wa kutakiana amani akanibana mkono mpaka pete ikaniuma, akitabasamu. Nikambana zaidi. Miaka ishirini ya ukunga nimekamata watoto wa watu wanaoteleza, vidole vyangu si vya mchezo.

Kuomba sikuweza. Ningeomba nini? Karatasi iungue? Nimetoka kabla ya baraka ya mwisho.

Jumatatu, 7 Oktoba

Gaudencio karudisha fomu yake. Ngoma, tarumbeta, malori ya watu wenye fulana mpya. Nimewasikia tangu mbali nikiwa na mganga mkuu tunahesabu vitanda vya wazazi. Halafu redioni, sauti yake ya huzuni: mke wangu kachoka, anataka kulea wajukuu. Wajukuu! Jovito hana hata mchumba.

Sheria inamruhusu meya kuapisha mtu. Mameya wote wako mfukoni mwake — wote, ila pengine mmoja. Nikampigia Honorata Bulaso, meya wa Bagtingon. Naye yumo kwenye orodha ya wagombea wa Gaudencio. Akinigongea muhuri, kesho yake jina lake linafutwa, na hana jingine la kutegemea. Anajua. Hakunikatalia. Akasema nije kesho.

Ningekata simu hapo. Muhuri nimeupata! Mdomo ukakataa kufunga. Nikamwambia kibali cha Lusong nilitia saini mimi. Nikamwambia kabla moyo haujarudi nyuma. Nasikia kuku kwake.

"Unataka kuapa," akasema mwisho, "basi waambie wenyewe kwanza. Wale kumi na tisa hawakuwa wangu peke yangu."

Sijui kama alikuwa analia au ana mafua.

Jumanne, 8 Oktoba

Naandika garini, Bagtingon. Mwandiko mbaya, goti ndiyo meza.

Tumefika saa saba. Honorata kawaita watu uwanja wa mpira wa kikapu, ule wa kuezekwa bati. Akina mama wengi, viti vya plastiki. Nilifikiri watakuwa ishirini — wako kama mia na hamsini. Honorata kakaa mwisho wa safu, mkoba mapajani, muhuri uko ndani ya mkoba. Hakunitambulisha. Alinionyesha tu mahali pa kusimama.

Nikasema. Hotuba sikuwa nayo. Kibali kile si cha Gaudencio, ni changu. Saini ni yangu. Nilikuja kulia hapa nikijua. Mliniita mama nikaitika, nikijua. Sauti haikukatika. Nilitaka ikatike, ingenisaidia, haikukatika.

Msichana mmoja wa nyuma alikuwa amenyoosha simu anarusha mbashara, akaushusha mkono.

Akasimama bibi mmoja, Nanay Sabel. Namjua. Mafuriko yale yalimchukulia wajukuu wawili, na nilikaa naye msibani siku tatu, nikala wali wake. Akaniuliza kama nilisoma kabla ya kutia saini.

Nikasema hapana.

"Ulikuwa unafanya nini?"

Ningeweza kusema nilikuwa na kazi nyingi. Nilikuwa mgeni ofisini, nilidanganywa — na si uongo! Nikamwambia nilikuwa nachagua mapazia.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei. Akasema nitoke nje waongee. Nikageuka, akaniita tena: "Usiondoke, Gavana. Ukiondoka kabla hatujamaliza, tutajua ulifuata muhuri tu."

Ndiyo nipo hapa, ng'ambo ya barabara. Uwanja hauna kuta. Nawaona, siwasikii. Wanaongea zamu zamu. Mmoja anapiga kiti kwa kiganja. Wawili wameondoka, mmoja karudi. Mkoba wa Honorata haujafunguliwa.

Saa tisa na nusu. Gaudencio kapiga simu. Kaniuliza nimepotelea wapi, na karatasi iko mkononi mwake, mtangazaji anasubiri. Nikamwambia naomba asome polepole, watu wa Bagtingon wameshasikia toleo langu. Akauliza: "Umewaambia? Mwenyewe?" Nikamwambia ndiyo, mwenyewe. Akasema nina wazimu. Miaka thelathini ya ndoa, ndiyo mara ya kwanza namsikia hana la kunipa wala la kuninyang'anya. Nikakata simu mimi.

Nimecheka peke yangu. Restituto kageuka kuniangalia kwenye kioo.

Kicheko hakikudumu. Kama hawatanipa muhuri, Gaudencio anapita bila kupingwa. Makatapila yanarudi Julai akiapishwa, na wao ndio walio chini ya mto. Wanalijua hilo, hawahitaji niwakumbushe. Na wanajua pia nani aliyaleta mara ya kwanza. Nisingependa kuwa wao leo. Nisingependa kuwa mimi pia, ila sina budi.

Saa tisa na dakika hamsini. Ujumbe. Teofredo, yule wakili wa nne! Kaona video. Yuko mlangoni pa ofisi ya tume ya uchaguzi mjini, na muhuri wake mkononi. *Mama wa ubatizo, njoo sasa hivi nikuapishe. Litakalotokea liwe langu.* Mama wa ubatizo! Kanikumbuka.

Nimesoma mara tatu. Nimemsomea Restituto, naye kasema asante Mungu, kashika usukani.

Muhuri huu hauna deni kwa mtu yeyote aliye chini ya bati lile. Naondoka sasa, nafika, naapa, jina langu liko kwenye karatasi ya kura, namkabili Gaudencio macho kwa macho na namwangusha. Naweza kumwangusha! Nalijua hilo mwilini. Na machimbo yanabaki yamefungwa, kwa faida yao. Kwa faida yao hasa, wakubali wasikubali.

Kwa faida yao. Ndivyo Gaudencio alivyokuwa akisema, stika kwa stika.

Saa kumi na dakika tano. Kutoka hapa mpaka mjini ni dakika hamsini, barabara ikiwa tupu, na fomu zinafungwa saa kumi na moja. Wanawake bado wanaongea. Nanay Sabel kasimama tena, kanyoosha kidole upande wetu, sijui anasema nini. Restituto kawasha gari, anasema Gavana, ni sasa au basi.

Nimemwambia azime.