Boti Yetu ya Ufaransa, na Miwani Yako

Mwalimu Barasa,

Barua huanza na "hujambo, hofu ni kwako". Wewe sasa huna hofu, imebaki kwangu. Mimi ni mzima. Nguvu ninazo, na meno yote yapo ila manne. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu siku tatu, na sikumwomba mtu hata herufi moja. Ukiona kosa, nyamaza.

Habari kubwa ni kwamba boti ya kukodi tumeipata. Mwezi wa tano, wiki nzima. Ni ileile ya kitabu cha picha ulichookota The Pearl, huku ughaibuni, pale ulipokuwa ukilinda boti za matajiri. Ina vitanda, jiko, na paa la kukalia. Tunapita mfereji mwembamba, miti huku na huku, halafu tunaingia mtoni. Kadzo binti yangu ameshaomba likizo hospitalini, na viza za Ufaransa zimetoka. Nahodha ni mimi. Nani mwingine? Mimi niliyeshusha trela mteremko wa Mazeras miaka ishirini na sita bila kugonga hata kuku! Na boti yenyewe haitaki leseni, mwendo wake ni wa mtu anayetoka kanisani. Najua ungesema nini. "Dereva, maji hayana breki." Ulisema hivyo kila Ijumaa, na kila Ijumaa nilikujibu kwamba breki ni dereva.

Lakini safari nusura ife. Kadzo aliniambia, "Baba, mimi sipandi boti na nahodha asiyejua kusoma. Kule kuna yale malango ya maji. Ukikosea kamba, tunaning'inia ukutani kama nguo." Nilinuna siku mbili. Chakula chake nilikula, lakini nilinuna.

Halafu nikalitoa daftari lako.

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, wewe ukakigeuza Kiswahili humo daftarini, ukurasa kwa ukurasa, kwa ule mwandiko wako wa ubaoni. Watoto wa bosi wangu wakienda kula aiskrimu, mimi naacha gari nakuja kibandani kwako. Unalifungua daftari, unalisogeza mbali, unalileta karibu. "Dereva, miwani nimeisahau tena. Hebu nisaidie neno hili." Nami nacheka. Mwalimu mzima haoni mwandiko wake! Nikahangaika na neno moja. Ijumaa nyingine mstari. Nyingine, mistari miwili. Nilijiona mimi ndiye ninayekusaidia. Huku mtaani kwetu Al Wukair niliwatangazia watu kwamba kuna mwalimu mmoja, karibu kipofu, mimi ndiye ninayemsomea.

Siku tulipofunga mizigo yako iende Bungoma pamoja na jeneza lako, niliitafuta ile miwani. Nilitaka mama watoto wako aipate. Niligeuza godoro, nikapekua mifuko ya sare. Mwenzako wa chumba, yule Mganda, akaniangalia. "Mzee, miwani gani? Mwalimu alikuwa anatunga uzi kwenye sindano bila kuwasha taa."

Nilikaa kitandani kwako.

Miaka mitatu, Mwalimu. Miaka mitatu ulijifanya huoni. Na ungeniambia, "Kazungu, njoo nikufundishe kusoma," unanijua, ningekutukana na nisingerudi tena. Mzee mzima kama mimi afundishwe a, e, i? Ulijua. Ukakubali niwe nakucheka.

Basi nilimketisha Kadzo sebuleni nikamsomea ukurasa wa malango. Boti ikishaingia, lango la nyuma hufungwa. Maji hutolewa, boti hushuka nayo. Kamba usiifunge. Izungushe kwenye nguzo, ishike mkononi, uiachie kidogo kidogo. Pale kwenye "izungushe" nilisimama mara nne, jasho linanitoka na kiyoyozi kinavuma. Lakini nilifika mwisho.

Kadzo akauliza, "Baba, umefundishwa na nani?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, kwamba nimejifundisha mwenyewe. Unanijua. Lakini halikutoka. Nikasema, "Mwalimu Barasa." Nilikuwa sijawahi kusema hivyo, hata mbele yako. Kadzo akafuta macho, akasema haya, nahodha, twende.

Asante. Imechelewa, lakini nimeiandika mwenyewe. Asante, rafiki yangu.

Daftari nitampelekea mama watoto Bungoma, akae na mwandiko wako. Lakini baada ya boti, bado nina kazi nalo. Tukifika lango la kwanza nitalifungua na kusoma kwa sauti, Wafaransa wanishangae wakitaka. Kamba nitaishika mimi, Mwalimu. Sitaifunga. Nitaiachia kidogo kidogo, kama ulivyoandika.

Pumzika.

Ni mimi, Kazungu,
nahodha